Kiti cha Mzee Pruett

Nina vidole vinane. Viwili vilibaki kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, mwaka ule ambao shamba langu lilishakwenda mnadani na mimi nikawa nakimbilia kazi yoyote itakayonipokea. Wageni wakiutazama mkono wangu huwa nawaambia vidole vililiwa na marehemu mzee Pruett, kwa hiyo wasiguse vitu vyake. Wanacheka. Kwa miaka kumi na minne nimetembeza watu ndani ya Jumba la Pruett, juu ya kilima, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Des Moines, na kwa miaka yote hiyo mtu mmoja tu alinishinda kumchekesha. Ni shemeji yangu, Arlyn Kloster, kaka wa mke wangu, mkulima wa mahindi wa Kaunti ya Grundy. Tangu nipoteze lile shamba, Arlyn ananichukulia kama redio mbovu: anasikia sauti, hasikilizi maneno.

Sasa, hapa kwetu Iowa ving'ora vya kimbunga hujaribiwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa sita kamili mchana. Vinalia dakika moja, vinanyamaza, watu wanaendelea kukata nyasi. Vikilia siku nyingine tunatoka barazani kutazama mawingu, kwa sababu sisi ndivyo tulivyo. Tumeambiwa tangu utotoni tukimbilie chini, nasi tangu utotoni tunatoka nje. Lakini vikilia Jumamosi ya kwanza saa sita, hakuna anayeinua hata kichwa. Mbwa pia halii.

Mimi nikaufanya mchezo. Kila Jumamosi ya kwanza nilipanga ziara yangu ili saa sita itukute juu kabisa, kwenye chumba cha mnara, pale wageni wanapolitazama kuba la dhahabu la jengo la bunge likimeta ng'ambo ya mto. King'ora kikianza tu, napiga kelele, "Kimbunga! Tumekwisha! Mama yangu!" na kujitupa chini ya meza. Wageni wa mbali wanapauka kama unga. Kisha natoa kichwa taratibu: "Tabasamuni, jamani. Ni majaribio." Wanacheka hadi wanashika mbavu, na wengine wananiachia bahasha kwenye sanduku la mlangoni.

Wengine hawakucheka. Mama mmoja wa Nebraska aliteguka kifundo cha mguu. Mkurugenzi wetu, Corinne Baumhover, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alinipa barua mbili za onyo.

"Ya tatu, Norb, unavua hiyo beji," aliniambia. "Sitanii."

"Mimi pia sitanii, bosi. Mimi ni mtu makini sana."

"Ndiyo maana sikuamini hata ukiniambia mvua inanyesha."

Basi nikawa naizima redio yangu ya mawasiliano dakika tano kabla ya saa sita, asije akanikatiza. Kumbuka jambo hilo.

Kitu kimoja tu sikuwahi kukitania: kiti. Mzee Pruett, aliyetajirika kwa makaa ya mawe, alikuwa akikaa ndani ya mnara na darubini kuhesabu mikokoteni yake. Kiti ni cha mwaloni, kizito kama ndama, ngozi yake bado ni ile ile ya mwaka 1881. Mimi ndiye nilikipaka mafuta ya nta kila Jumatatu, kwa kitambaa cha pamba, kwa vidole vyangu vinane. Dirisha la kusini-magharibi nililifunika kwa pazia zito ili jua lisipasue ngozi. Niliwahi kumwinua seneta wa jimbo aliyekalia kiti hicho, nikamwinua kwa ukosi wa koti mbele ya wapiga kura wake. Nyumba inaweza kuungua, mimi natania. Kiti, hapana.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei, Arlyn akaja. Hakuja kwa kupenda. Kanisa lao la Kilutheri lilikuwa limepanga safari ya siku moja, na mke wake Ardella alikuwa amemwandikisha bila kumuuliza. Walikuwa wanane. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Goslinga, miaka themanini na minne, mwenye fimbo, aliyenifundisha darasa la tatu na ambaye mpaka leo akiniita "Norbert" naangalia kama nimechomekea shati.

Hewa ilikuwa nzito, ya joto, haina hata upepo wa kuinua kishungi cha nywele. Shati lilinigandia mgongoni. Tulipanda ngazi za chuma za mzunguko, zinazopita kando ya dirisha kubwa la vioo vya rangi, ghorofa tatu za kioo kitupu. Mwalimu alitumia dakika kumi na moja. Tulipofika juu, redio nilikuwa nimeshaizima, na Arlyn alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

Alikuwa ameiruka kamba nyekundu inayokizunguka, ameketi, amekunja miguu.

"Nyanyuka, shemeji."

"Magoti yananiuma."

"Yaume ukiwa umesimama."

"Kiti ni cha kukalia, Norb. Kingekuwa cha kutazamwa kingeitwa picha."

"Arlyn." Nilimtazama tu.

Ardella akamvuta mkono. "Inuka, baba. Huoni amebadilika rangi? Hapo ndipo pekee huyu mtu hatanii."

Akainuka polepole, akinung'unika kwamba dada yake angeweza kuolewa na yule Mholanzi mwenye ng'ombe wa maziwa. Nikapangusa kiti kwa kitambaa. Wengine walikuwa kwenye dirisha la kaskazini-mashariki wakipiga picha za kuba. Nikaangalia saa. Saa sita kasoro sekunde chache.

King'ora kikaanza.

Nikafanya mchezo wangu. Nilipiga kelele, nikaita mama, nikajitupa chini ya meza. Wote wanane ni watu wa Iowa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, lakini walicheka vizuri. Hata Mwalimu alitikisa mabega. Arlyn alitazama dari.

"Tabasamuni, jamani," nikasema nikitoka. "Ni majaribio."

Nikaanza kusimulia habari ya mikokoteni ya makaa. Nikasimulia, nikasimulia, mpaka nikagundua kwamba bado napaza sauti.

"Norbert," Mwalimu alisema. Alikuwa ameinua mkono wake karibu na macho, anaangalia saa yake. "Dakika moja imepita. Imepita na nusu."

"Kimekwama, Mwalimu. Ni mashine ya zamani kama mimi."

"Kengele ya shule haijawahi kukwama."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua, na mimi nalijua kuliko wengi, ni kwamba hali ya hewa ikichafuka majaribio yanaahirishwa. Siku yenye wingu baya, saa sita ya Jumamosi ya kwanza inapaswa kuwa kimya. Kwa hiyo kama kuna wingu baya na bado kinalia, hayo si majaribio. Na mimi wingu sikuwa nimelitazama. Mbele yetu kulikuwa na kuba la dhahabu na anga nyeupe. Nyuma yetu, kule kunakotokea hali zote mbaya za hewa katika nchi hii, kulikuwa na pazia langu.

Nikawasha redio.

"—orb! Norb, washa hiyo takataka! Norb!" Ilikuwa sauti ya Corinne, imepasuka. "Washushe watu! Kimeshagusa ardhi, kimevuka barabara kuu, kinakuja huku! Usipitie ngazi za kioo, unanisikia? Usipitie kwenye kioo!"

Kisha Ardella akaangua kicheko.

"Hebu ona! Hadi redio ameipanga!"

"Amemshirikisha na bosi wake," alisema mzee mmoja wa kanisani, akijipangusa macho. "Huyu jamaa ni kiboko."

"Si mchezo," nikasema. "Ndugu zangu, sikilizeni. Huu sasa si mchezo."

Wakacheka zaidi. Sauti yangu ilikuwa ile ile, si nilikuwa nimeita mama yangu dakika mbili zilizopita kwa sauti hiyo hiyo? Nilikuwa nimeitumia yote. Hakuna nyingine iliyobaki ndani.

Nikalishika pazia, nikalivuta kwa nguvu mpaka fimbo yake ikang'oka.

Kusini-magharibi hakukuwa na anga. Kulikuwa na ukuta. Chini mweusi, juu kijani, kijani kile cha ngozi iliyovilia damu, na ulikuwa unasogea. Nikadhani sasa wameona, sasa tutashuka. Nilisahau ni watu gani ninao. Arlyn alifungua mlango wa roshani na kutoka nje kutazama. Ardella akamfuata. Na wengine wakamfuata Ardella, kila mmoja na simu yake mkononi, kama watu wanaotoka kuangalia nani amegonga gari la nani. Mwalimu peke yake alibaki, kwa sababu kizingiti kilikuwa kirefu kwa fimbo yake.

"Arlyn, rudini ndani!"

"Hilo ni wingu la mvua," alisema bila kugeuka. "Na mvua tunaihitaji."

"Corinne amesema kimegusa ardhi!"

"Kimbunga kina mkia, Norb. Unauona mkia hapo? Mimi nina miaka sitini natazama mawingu shambani. Wewe hata shamba huna."

Ilinichoma, lakini sikuwa na nafasi ya kuumia. Ni kweli mkia haukuonekana. Vile vibaya kuliko vyote huja vimejifunika mvua, mkia uko ndani, na ukija kuuona umeshafika. Arlyn anajua hivyo pia. Alijua, ila aliyekuwa anamwambia ni mimi, na neno likitoka kinywani mwangu kwake halina uzito hata kama ni kweli. Na wale wengine? Upande huu mkulima aliyetulia, mikono mfukoni. Upande ule mchekeshaji anayetokwa na jasho. Wewe ungemfuata nani?

Nilitazama kaskazini-mashariki. Kuba la bunge lilikuwa linameta. Kisha pazia la mvua likapita mbele yake, likawa la kijivu, na kisha halikuwepo.

Njia ya pili ya kushuka ilikuwepo. Nyuma ya kiti kuna mlango mwembamba wa ngazi za watumishi. Zinashuka ndani ya ukuta wa matofali, hazina dirisha hata moja, moja kwa moja hadi stoo ya chini ya ardhi. Lakini ule mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa ofisini kwa Corinne, ukutani, kwenye msumari wake. Na unajua kwa nini uliwekwa kufuli? Kwa sababu mwaka juzi nilijificha humo wakati wa sikukuu ya mizimu nikawarukia wageni wa Minnesota.

Nilipiga bega. Mlango haukutikisika. Nikapiga teke, nikaumia mimi.

"Anaigiza vizuri," nilimsikia Ardella akisema kule nje. "Ona, hadi machozi."

Yalikuwa machozi kweli. Nilikuwa nawaza hesabu ndogo sana: hapa kuna watu wanane niliowapandisha mimi, kwa mpango wangu, kwa saa yangu, kwa ajili ya utani wangu. Mwalimu alikuwa ananitazama. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikiwa ubaoni na jibu silijui, akisubiri, kana kwamba ana hakika jibu ninalo mahali fulani.

Nikaivuta kamba nyekundu, ikakatika. Nikakishika kiti cha mzee Pruett kwa mgongo, nikakiinua juu ya kichwa, nikakipiga mlangoni.

Mlio wake sitausahau. Mwaloni wa miaka mia moja na zaidi haupasuki kama mbao za kawaida. Unalia kama mfupa. Mguu mmoja uliruka ukagonga meza. Nikakiinua tena. Ngozi ikachanika kutoka kona hadi kona, manyoya ya farasi yakatawanyika sakafuni, ngozi ile niliyoipaka mafuta kila Jumatatu kwa miaka kumi na minne. Pigo la tatu komeo likang'oka na kufuli lake, na mlango ukafunguka kwenye giza.

Nilipogeuka, kicheko kilikuwa kimeisha. Wote walikuwa wamesimama kwenye kizingiti cha roshani wananitazama. Arlyn alikuwa mbele, na uso wake ulikuwa mweupe.

"Amevunja kiti," alisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, hata kwa ng'ombe: "Amevunja kiti! Chini! Wote chini, sasa hivi!"

Hakuna aliyeuliza swali. Waliingia mlangoni mmoja nyuma ya mwingine, wameinama, wamekanyaga manyoya ya farasi. Arlyn alipiga goti mbele ya Mwalimu.

"Panda mgongoni, Mwalimu."

"Magoti yako yanauma, Arlyn."

"Yaume kesho."

Mimi nilikuwa wa mwisho. Ngazi hamsini na mbili, giza tupu, bega linasugua matofali kulia na kushoto. Mbele yangu nilisikia pumzi ya Arlyn na fimbo ya Mwalimu ikigonga ukuta. Tulipofika katikati, masikio yaliziba, kama unapozama bwawani. Kisha king'ora kikanyamaza. Sikupenda kunyamaza kwake. Baada ya hapo ikaja sauti ambayo wazee wetu huifananisha na treni, na mimi niliyekua kando ya reli nakuambia si treni. Treni inapita. Ile ilikuwa imekuja kwetu.

Chini kabisa Corinne alikuwa ameshika mlango wa chuma, tochi mdomoni. Alikuwa anahesabu watu kwa kuwapiga begani: sita, saba, na Mwalimu wa nane. Aliponifikia mimi, hewa ilikuwa inavuta mlango kwenda nje. Niliushika kwa mkono wangu mbovu, na vidole vitatu ni vichache, nikaanza kuteleza. Mkono mwingine ukaja juu ya wangu, mpana, wenye sugu, ukaukandamiza mpaka nikasikia mifupa. Tukauvuta mimi na Arlyn, tukalisukuma komeo lake, tukajibanza nao kwa migongo.

Juu yetu kitu kikubwa kilikwenda. Hakikuanguka, kilikwenda. Vumbi la chokaa likatunyeshea. Kisha vioo, muda mrefu sana wa vioo.

Kulipokuwa kimya, Corinne aliwasha tochi, akatuhesabu tena. Wanane wa kanisa, yeye, na mimi. Ardella alikuwa na mchubuko wa matofali kwenye paji la uso unaovuja damu kidogo. Basi.

Nikafungua mdomo. Ni mazoea, unajua; kimya kikizidi mimi hujaza.

"Norbert," Mwalimu alisema gizani. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Na ndiyo mara ya kwanza, mke wangu Joleen anasema, tangu tuoane.

Mnara haukuwepo tulipotoka. Ulikuwa umekatwa pale unapoungana na paa, safi kabisa, kama mtu anavyokata juu ya yai. Roshani aliyokuwa amesimama Arlyn ilipatikana imening'inia kwenye mti wa jirani. Ngazi za mzunguko zilibaki zimesimama, zimejaa vipande vya rangi nyekundu na buluu kila kidato. Pazia langu lilipatikana wiki iliyofuata, maili saba mashariki, kwenye waya wa zizi la nguruwe. Na kiti, ambacho mapigo yangu yalikisukuma nusu ndani ya mlango wa watumishi, kiliporomoka ngazi chache na kubaki humo, ndani ya matofali, na miguu yake mitatu; wa nne tuliuokota bustanini.

Siku ya Jumanne Corinne aliniita ofisini. Barua ya tatu ilikuwa mezani, imeshachapwa.

"Ulizima redio," alisema.

"Nilizima."

"Dakika tano kamili nilikuwa nakuita. Dakika tano, Norb. Mngekuwa mmeshashuka mkitembea."

"Najua, bosi." Nikavua beji, nikaiweka juu ya barua.

Aliitazama. "Ardella Kloster amenipigia. Na yule mwalimu. Na mtu mwingine ambaye hakutaja jina, ila alisema magoti yanamuuma." Akaisogeza beji kwangu kwa kidole kimoja. Barua hakuisogeza; aliifungia kwenye droo, nami nikausikia ufunguo ukizunguka. "Kiti hatutakirekebisha. Kitakaa pale ukumbini kama kilivyo. Na wewe utawaeleza wageni kilivunjwa na nani na kwa nini, tangu ile redio. Bila utani."

Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na kama unadhani ni nyepesi, jaribu kuieleza mara nne kwa siku.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, paa bado lina turubai, anga ilikuwa buluu haina doa. Nilikuwa na wageni kumi na wawili. Saa sita kasoro dakika tano, redio ikiwa wazi kwenye mkanda, niliwaambia tunashuka stoo ya chini.

"Si ni majaribio tu?" kijana mmoja wa Omaha akauliza.

"Ni majaribio."

"Sasa tunashuka kufanya nini?"

"Kushuka," nikasema.

Walicheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Lakini walishuka, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameshatangulia: mzee mpana wa Kaunti ya Grundy aliyekata tiketi mwenyewe, peke yake, bila mke wala kanisa. King'ora kililia dakika moja tukiwa tumesimama kwenye ubaridi wa matofali, kikanyamaza. Nikafungua komeo.

Tulipopanda ukumbini, Arlyn alisimama mbele ya kiti. Kamba ilikuwa mpya. Alikitazama kiti, akautazama mguu wa nne uliolazwa kando yake, akayatazama magoti yake.

"Sasa je," alisema, "naweza kukaa?"

Nilikishika kile chuma cha kamba. Wageni kumi na wawili walikuwa wanatusikiliza. Nikaifungua ndoano, nikaishusha kamba sakafuni.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Kina miguu mitatu."

Arlyn aliihesabu kwa kidole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.